Nyani, Farasi na Kidole Kimoja

Nyani alimpanda Farasi kwa mateke, na kadiri alivyompiga ndivyo Farasi alivyozidi kugoma. Inzi akamcheka. "Mimi nikitua tu, ngozi yake inacheza. Mguse shingoni kwa kidole, utaona."

Nyani akajaribu. Akigusa kulia, Farasi anageuka kulia. Akigusa kushoto, anageuka kushoto.

Siku ya kwenda ukweni, Nyani alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akashika kioo, akawa anajitazama njia nzima. Inzi alikuwa na njaa. Akatua shingoni mwa Farasi, upande huu, kisha ule, mpaka wakafika jalalani.

"Nani kakwambia unilete huku?" Nyani akafoka.

"Wewe, bwana," Farasi akajibu. "Tena leo umenigusa vizuri kuliko siku zote."