Tangazo la Kasa wa Bafuni

"Wananchi watukufu wa pwani! Bahari imepoa! Kila nyumba imrudishe kasa wake majini!"

Sauti hiyo tukufu ilitoka ndani ya debe tupu la mafuta, nyuma ya bafu, na kichwa kilichokuwa ndani ya debe kilikuwa cha Tunu, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni. Tangu bahari ichemke, sheria iliitaka kila nyumba ifuge kasa mmoja bafuni. Tunu alitaka Bibi ashtuke kidogo, wacheke.

Alipochungulia bafuni, beseni la kasa halikuwepo, wala kasa mwenyewe, wala Bibi.

Alitimua mbio hadi ufukweni. Bibi alikuwa amepiga magoti, kasa mikononi, maji yakifuka mvuke mbele yake.

"Bibi, usimwachie!"

"Kulikoni, mke mwenzangu? Hukusikia tangazo?"

"Lilitoka kwenye debe, Bibi. Ni mimi."

Bibi alimkumbatia kasa kifuani, kisha akageuka. Majirani aliowapasha habari walikuwa wakiteremka na mabeseni vichwani, na wa mbele alishaanza kuinamia maji.

"Basi waambie na hao," alisema. "Kwa sauti ile ile."

"Wananchi watukufu," Tunu alipaza sauti, "mwongo ni mimi!"