Kialama cha Kombo

Daktari Salha alikuja kumuulizia Kombo, mgonjwa wa majaribio ya dawa aliyeacha kuonekana kliniki, akamkuta mkewe, Mwatumu, amekaa eda. Alitoa pole, akaketi mkekani.

“Ningekuja kuwaambia,” Mwatumu alisema, “lakini mwenye eda hatoki.”

Kisha akauliza dawa ya mumewe imefikia wapi. Salha alimfunulia karatasi yenye mistari miwili, mmoja wa dawa mpya, mwingine wa dawa ya zamani, yote ikiteremka kama ngazi.

“Kila anapofariki mtu, mstari hushuka. Kombo ni kialama hiki kidogo, juu ya mstari wa dawa mpya.”

“Mbona hapa haukushuka?”

“Hapo ndipo tulipomwona mara ya mwisho, akiwa hai. Zaidi ya hapo hatukujua.”

“Na sasa?”

“Utashuka, uukaribie ule wa dawa ya zamani. Huenda tusiweze tena kusema dawa mpya inaishinda ya zamani.” Salha alishika penseli. “Alifariki lini, dada?”

Mwatumu aliweka kidole juu ya kialama. Mbele ya kialama mstari ulikwenda umenyooka, kama kitanda kilichotandikwa kikimngoja mwenyewe.

“Andika,” alisema, akaitaja siku. Kidole hakukiondoa.