Mfumo wa Tatu

Kwa mara ya tatu mwezi ule, Bi Mwatime, mchapaji wa barua za watu nje ya mahakama, alirudisha kompyuta yake kwa Fundi Chande. Fundi akamwagizia chai. Bi Mwatime akaketi, mkono wa kulia kaufunika kwa kanga.

"Mfumo wa kwanza ulioniwekea kwenye kompyuta ulikuwa unajizima katikati ya kazi, eti unajisasisha," alisema kwa uchovu. "Huu wa pili una mapambo kama ukumbi wa harusi, halafu unaganda. Nataka kitu kilichotulia, baba. Nimechoka kujifunza upya."

Chande hakubishana. Akaweka wa tatu, mkavu, usio na urembo.

"Huu haubadiliki mpaka uuambie. Ila ukiuambia, unakufuata."

Kisha, bila kuuliza, akahamishia vitufe vyote vya kwenye kioo upande wa kushoto. Akakichukua kipanya, akakiweka upande wa kushoto wa Bi Mwatime.

Bi Mwatime akashtuka. Tangu aanguke bafuni na mkono wa kulia kupooza, alikuwa akichapia nyumbani, watu wasimwone. Nani angempa kazi mchapaji wa mkono mmoja?

"Nani kakwambia?"

"Chai, mama. Imepoa. Umeona haya kuinywa kwa kushoto mbele yangu."

Bi Mwatime akaisogelea kompyuta. Akaanza kuchapa kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja: Kwa Mheshimiwa Hakimu. Chini ya kanga, kidole kimoja cha kulia kikatikisika juu ya paja, kama kinachotafuta herufi yake.