Sehemu Iliyolala Bure

Kwenye kompyuta ya ultrasaundi ya kupimia wajawazito, fundi Sekela aliona sehemu ya kumbukumbu imetengwa kwa ajili ya kifaa cha picha, akadhani imelala bure. Akaifuta ili programu nyingine zipate nafasi. Mashine ikawa nyepesi, manesi wakampigia makofi.

Kesho yake programu hizo zikavamia sehemu ile. Mtoto aliyekuwa akicheza kwenye skrini akageuka chenga tupu, na mama yake, Tunu, aliyelala kitandani tumbo limepakwa jeli, akapiga ukunga: “Mwanangu kaenda wapi?”

“Yupo, dada. Kosa ni langu,” alisema Sekela, aliyeitwa mbio, macho sakafuni.

Aliirudisha ile sehemu, akaiwasha mashine upya. Moyo mdogo ukaonekana ukidunda.

“Tazama, dada.”

Tunu alikuwa amegeuzia uso ukutani, kajifunika kanga.