Kilio cha Ubeti wa Tatu

"Lia, mama! Lia kama aliyefiwa!"

Mfagiaji wa studio alisimama mbele ya maikrofoni. Alikuwa amekuja kudeki tu. Lakini bendi ya roki ilikuwa inarekodi wimbo wake mpya wa mapinduzi, na fundi sauti alikuwa na mtindo wake: akihitaji sauti za umma, huwakusanya waliomo jengoni, awe mlinzi, awe karani. Leo alitaka mwanamke mmoja wa kuomboleza.

Ubeti wa tatu ulisimulia jinsi mama wa mwimbaji alivyofia kiwandani akimtumikia tajiri, yeye akiwa na miaka saba. Mpiga gitaa alifuta machozi. Mwandishi wa gazeti aliyekaa kochini akafuta yake, kisha akaandika.

Mfagiaji alimtazama mwimbaji, akatamani kutema mate. Mapinduzi, eti! Fulana imetobolewa kwa makusudi ili afanane na makabwela, halafu imepigwa pasi ikanyooka! Mtu mzima na ndevu zake, hata kikombe chake hajawahi kuosha! Na tangu asubuhi anampita mfagiaji kama anavyoipita ndoo, hata salamu hakuna. Lo, mtu huyu anatia kinyaa!

Mwimbaji alikuwa amekazia macho viatu vyake. "Tutafute mwingine," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ana kazi zake."

"Mwingine wa nini? Uso wenyewe huu umeshalia nusu!" fundi akamaka. "Mama, ukigoma nitamwambia bosi atafute mfagiaji mwingine. Haya, twende!"

Kibarua hicho ndicho kilicholisha watu wawili nyumbani kwake. Basi akafumba macho, akalia. Alilia mpaka mabega yakamtetemeka, akaendelea kulia hata fundi alipokwisha kuzima mitambo.

Watu walipiga makofi. Mwandishi akamsogelea na daftari lake.

"Mama, umetuua! Ulikuwa unamlilia nani?"

"Mwanangu."

"Oh, pole sana. Alifariki lini?"

Mfagiaji alijifuta uso kwa kanga, akaokota dekio na ndoo, akaenda hadi alipokuwa mwimbaji. Akatoa ufunguo wa nyumbani mfukoni, akamwekea kiganjani.

"Umeusahau mezani," alimwambia. "Chakula chako nimekifunika jikoni. Na leo, sahani utaosha mwenyewe."