Gari Lililooshwa Ziwani

Kalamu ilikuwa mezani tangu saa tatu asubuhi, na Hindu hajaigusa.

"Tia saini tu, Mama Rasha," alisema Wenceslaus, mkuu wa gereji ya kampuni iliyomuuzia gari. "Andika kwamba uliosha gari mu ziwa. Halafu kila mutu aende kwake na amahoro, bila ugomvi."

"Sikuosha mu ziwa."

Nyuma ya kioo cha ofisi gari lake la umeme lilikuwa limevuliwa viti na zulia, limebaki mbavu tupu. Lilikuwa na wiki sita tu. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na hiki kilianza kuuma mapema. Wiki ya kwanza mlango wa nyuma uligoma kufunga, akalileta. Wiki ya tatu vioo vikawa vinajishusha vyenyewe, akalileta. Mara zote mbili walimrudishia likiwa limepanguswa vumbi, na maneno matamu juu. Jana lilizimika karibu na Muhuta, abiria wanne ndani, likarudi Rumonge likivutwa na lori la mawese. Safari hii mafundi walifunua zulia, wakakuta alama ya maji.

Na maji, hapa Rumonge, yana jibu moja. Madereva wa mji huu huingiza magari ziwani mpaka mawimbi yafike milangoni, wakayasugua huku wanapiga gumzo. Gari la mafuta huvumilia. La umeme lina masharti yake: ukiliingiza ziwani, garanti imekufa, na gari bovu ni lako wewe na wajukuu wako.

Hindu aliuza michikichi yake yote ya kijijini Kizuka ili apate gari lile. Mafuta yalipoadimika na wenzake wakakesha foleni kwenye vituo, yeye aliendelea kupakia watu kwenda Bujumbura. Akitia saini, hana michikichi wala gari. Aliogopa, tena sana, lakini hofu ya Hindu siku zote hutoka nje ikiwa imevaa hasira.

"Gari yangu naosha nyumbani, na ndoo," alisema. "Uliza majirani."

"Maji haiingiaka yenyewe, mama." Huyo alikuwa Mushagalusa, fundi mkubwa, Mkongomani mpole mwenye mikono myeusi kwa grisi. Aliingia ameshika kichwa cha waya wa betri. Shaba yake ilikuwa imeliwa, na unga mweupe umeganda pembeni. "Ona. Hii njo sabuni. Ulipiga sabuni, maji ya ziwa ikaiingiza mpaka chini, ikakaukia humu."

Hindu alikipokea kile kichwa cha waya, akakisugua kwa kidole, akakiweka mezani.

"Pengine muliniuzia ikiwa hivi."

Wenceslaus alicheka mpaka tumbo likagusa meza. "Gari imetoka kiwandani, ikaingia mu meli, ikashuka bandarini, ikapanda lori mpaka hapa. Kilometa sifuri. Hata tope haijakanyaga. Mama, mukaidi hafaidi mpaka siku ya Idi."

"Basi niletee kiti kizuri, tungoje Idi."

Akavuta ile ripoti waliyotaka aitie saini. Ilikuwa kurasa tatu, zimegandana kwa joto. Akalamba kidole, akafungua ya pili. Akatulia kidogo. Akalamba tena, akafungua ya tatu.

"Ripoti yenu haijatimia," alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Wenceslaus, aliyedhani mama wa watu amechoka, alimwangalia kwa huruma. "Hamukuandika huu unga. Andikeni: gari imeuliwa na maji iliyoacha huu unga, hakuna sababu ingine."

"Ni kweli kabisa," alisema Mushagalusa.

"Andikeni tena: tangu ninunue, haijatoka barabara ya Rumonge na Bujumbura. Mashine yenu si inaona kila mahali ilipita?"

"Inaona," alisema Wenceslaus. Barabara ile inafuata ziwa mwanzo mpaka mwisho. Kwake ilikuwa ni mtu kujifungia mlango na kumpa yeye ufunguo.

"Mutie saini nyinyi kwanza. Na mugonge kashe. Mimi siweki jina langu mbele ya wanaume wawili wenye kujua kazi."

Sifa ile iliwaingia vizuri. Mushagalusa aliandika, akarudia kusoma kwa sauti, akatia saini. Wenceslaus naye akatia yake, akagonga muhuri mara mbili, wa pili ukiwa wa raha tu. Akamgeuzia karatasi.

Hindu aliisoma neno kwa neno, akaikunja, akaitia ndani ya mkoba na kufunga zipu. Kisha akaokota kile kichwa cha waya na kukipeleka mpaka chini ya mdomo wa Wenceslaus.

"Lamba," alisema. "Halafu unionyeshe, shefu, ziwa letu iko na chumvi upande gani."