Mlango wa Ndezi

Palikuwa na Ndezi aliyechimba shimo bondeni, kando ya mto, na mlango akauelekeza mlimani ili kila asubuhi aione theluji.

"Dada Pimbi," alimwambia rafiki yake wa miambani, juu karibu na theluji, "laiti theluji ingeshuka, nikaigusa hata mara moja."

"Usiiombe, mdogo wangu. Mvua hii ya siku tatu inaiyeyusha. Hamia kwangu leo."

"Na nyasi zangu tamu nimwachie nani?"

Jioni theluji ikamfikia, imegeuka mafuriko meusi ya tope, ikafukia shimo na kuzoa nyasi zote. Ndezi akaparamia miamba, akaponea chupuchupu.

Sasa anaishi kwa Pimbi, theluji iko hatua kumi tu. Mlango wake mpya ameuelekeza bondeni.